Ghala Lililojaa Kwenye Kitambaa

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie machache kabla sijageuka mfugaji wa mbuzi moja kwa moja. Sitasema juu ya vyeo, kwa sababu nilivyopewa vilikuwa vichache na nilivyonyimwa mnavijua. Nitasema juu ya gari, mashine, kitambaa cheupe, na watu waliokaa mbele ya kitambaa hicho. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha sinema za serikali sokoni, Kitui na pande za Makueni, tangu miaka michache baada ya uhuru hadi video ilipoingia kwenye mabaa na kutufanya sisi tuonekane kama wauza karabai katika mji wenye stima.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Musyoka, aliyekuwa ameifanya kazi hii tangu enzi za Mzungu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimejinyoa vizuri, maana niliota kwamba nitasimama kwenye mwanga na watu wote wataniona. Musyoka alinitazama, akanipa sururu, akaniambia nichimbe mashimo mawili ya milingoti. Baadaye nikajifunza kuwasha jenereta bila kuvunjika mkono, kuunga filamu iliyokatika kwa wembe na gundi, na kufukuza kumbikumbi wanaoifuata taa ya mashine. Shati jeupe sikulivaa tena kazini.

Usiku huo wa kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Aliniambia nisimame pembeni ya kitambaa, nikipe mgongo, niwaangalie watu. Nilidhani ananidharau. Tulipokuwa tukikunja kamba akaniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona watu wakitazama sinema. Akasema hiyo si kazi. Kila mtu anaweza kutazama sinema, kazi yetu ni kujua wao wameona nini, na mara nyingi hicho walichokiona hakimo ndani ya filamu. Nilimwona mzee anayependa kusema mambo makubwa, lakini maneno yake yaliniwasha udadisi ambao haujapoa mpaka leo.

Ushahidi wa kwanza niliupata katika mji wa Sultan Hamud. Soko lilijaa hata watu wengine wakakaa nyuma ya kitambaa, ambako picha inaonekana vizuri tu ila imegeuka. Filamu ilikuwa ya mkulima anayepanda kwa mistari. Ilipokwisha, wanaume wawili walishikana mashati. Mmoja alisema mkulima yule ni wa kushoto, ndiyo maana mistari yake imenyooka, na mwenzake akaapa kwa jina la mama yake kwamba mtu yule ni wa kulia. Niliwaeleza kwamba mmoja alikaa mbele na mwingine nyuma. Walinisikiliza kwa heshima, wakakubaliana kwamba mimi sijui kitu, kisha wakaendelea kubishana.

Mbooni nako, mzee mmoja wa kanisa alikuja kuhakikisha kwamba sinema haiwapotoshi waumini. Alisimama jioni nzima akiwa amekipa kitambaa kisogo, Biblia kwapani, uso wake kwa watu. Mwisho wa yote alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule ng'ombe aliyetumbukizwa kwenye josho alitoka salama. Nilimwambia alitoka. Alishukuru Mungu na hakutusumbua tena.

Basi nije kwenye kisa ambacho mmenisikia nikikigusia mara nyingi bila kukimaliza. Kilitokea katika kijiji kimoja nje kidogo ya Kanyangi. Sikitaji kwa jina kwa sababu watu wake bado wapo na wanajua kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini idara iliamua kutengeneza filamu yake kuhusu kilimo cha matuta, yale tunayoyaita fanya juu. Walikuja vijana kutoka Nairobi na kamera, na kiongozi wao tulimwita Bwana Picha. Mimi ndiye niliyewaendesha. Walitafuta shamba lenye matuta mazuri, wakapelekwa kwa Mama Mwende, mjane mwenye watoto wanne, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Syombua. Matuta yake yalikuwa yamenyooka vizuri kuliko ya mtu yeyote kule, na aliyachimba mwenyewe, watoto wakibeba mchanga. Lakini mvua haiangalii matuta ya nani yamenyooka. Msimu ule ilinyesha kidogo ikaondoka, na mahindi yake yote yalikaa katika kona moja ya ghala.

Bwana Picha alipochungulia ndani ya ghala alisikitika. Alisema mtu hawezi kuonyeshwa akichimba, akichimba, halafu ghala tupu, watazamaji watauliza anachimbia nini. Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo swali ambalo Mama Mwende mwenyewe hujiuliza, lakini mimi nilikuwa dereva.

Ndipo majirani walipoitisha mwethya. Kwa wale ambao si wa kwetu, mwethya ni majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao kazi iliyomshinda, leo kwako, kesho kwangu. Safari hii kazi iliyomshinda mwenzao ilikuwa kuwa na mavuno. Kila mwanamke alikwenda nyumbani kwake akaleta kiondo cha mahindi. Hawakuja pamoja. Mmoja alikuja baada ya kukamua, mwingine baada ya kuchota maji, mwingine jua likiwa utosini, na kila aliyefika Bwana Picha alimpiga picha akiingia langoni, akimwaga, akitoka. Mke wa mwalimu alileta gauni la maua ili Mama Mwende alivae. Nilimwona Mama Mwende akilipapasa gauni lile kwenye mapaja na kucheka peke yake. Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi kwa ajili yake.

Kamera ilipofungwa, kila mmoja alikuja kuchukua mahindi yake kwa wakati wake. Gauni lilirudi kwa mwenyewe. Ghala likabaki na kona yake.

Filamu ilipotoka ilikuwa ya rangi, na ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Unaona matuta, unaona Mama Mwende akifungua ghala na kulifagia, halafu viondo vinaanza kuingia, kimoja baada ya kingine, mahindi yakimiminika mpaka juu. Maneno niliyopewa kuyasema kwa Kikamba kwenye kipaza sauti yalikuwa: majirani wanamsaidia mama huyu kuweka mavuno yake. Niliyasema maneno hayo masoko mengi sana. Niliyasema hata mimi niliyekuwepo nikaanza kuliona ghala lile kama lililojaa kweli. Mbooni mwanamume mmoja aliyefiwa na mke alinifuata hadi kwenye gari kuniuliza kama mama yule ana mtu. Kule Sultan Hamud mfanyabiashara mmoja alitaka anwani yake ili akanunue mahindi. Kijijini kwake tulipoionyesha mara ya kwanza walishangilia mpaka jenereta haikusikika, na Mama Mwende aliketi mbele kabisa na watoto wake.

Kisha ikaja njaa ya themanini na nne, ambayo watu wetu waliiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu hata mwenye pesa mkononi hakupata mahindi ya kununua. Mbuzi walikosa wanunuzi. Watu walipika majani na mizizi ambayo babu zao waliyajua na wao walikuwa wameyasahau. Serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na sisi tukatumwa kuzunguka nayo, tukionyesha sinema za jinsi ya kuyapika, maana wengine waliyaogopa na kusema ni chakula cha ng'ombe.

Nilipofika kile kijiji, Mama Mwende alinijia nikiwa bado nachimba mashimo ya milingoti. Nilimtambua kwa macho tu, mwili ulikuwa umekwisha. Aliniambia mahindi ya msaada yameshagawiwa mara mbili na yeye hajapata hata kisahani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa haamki kucheza tena. Alikuwa ameiambia kamati ya kugawa msaada kwamba hana kitu, kamati ikamjibu kwamba mwenye ghala awaachie wasio nalo. Aliwaita waje walione ghala lenyewe. Walikuja, wakachungulia, wakaona tupu, wakasema amehamishia mahindi kwa kaka yake.

Nilidhani kuna ugomvi wa chini chini, wa shamba au wa wivu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Nzuki, mtu mpole, mzee wa kanisa, asiye na sifa ya uonevu. Mke wake alikuwa miongoni mwa wale walioleta viondo. Nilimkumbusha hivyo.

"Hiyo najua," akasema. "Kiondo yetu ilienda, na tukaichukua. Lakini yetu ilikuwa moja tu. Ile ingine yote ilikuwa yake."

Nilimwuliza amejuaje kwamba ile ingine ilikuwa yake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa amejuaje kwamba jua limechomoza.

"Bwana Sinema, si wewe mwenyewe ulituonyesha?"

Nilikwenda kwa wanakamati wengine, nyumba kwa nyumba. Sasa nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na ule udadisi. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikikumbuka kiondo cha nyumbani kwake vizuri kabisa, rangi yake na siku kilipokwenda kuchukuliwa. Na kila mmoja aliamini kwamba chake kilikuwa cha kujazia tu, na vile vingine vilitoka shambani kwa Mama Mwende, vikibebwa na majirani. Kwa kuwa walikwenda kwa nyakati tofauti, hakuna aliyekuwa ameona vyote isipokuwa kamera, mimi na mwenye ghala. Nami niliyekuwepo nikawaambia vyote vilikuwa vya kuazima, wakasema nimemwonea mama yule huruma. Waliyaweka maneno yangu upande mmoja na macho yao upande wa pili, wakachagua macho.

Jioni ile, giza lilipoingia, nilionyesha kwanza sinema ya mahindi ya njano. Halafu nikaiweka ile ya Mama Mwende. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: nilitaka wanawake waangalie viondo. Kwetu kila mwanamke hujisukia kiondo chake, na mistari anaipanga mwenyewe, hivyo hata kikitupwa njiani mtu atakiokota na kusema hiki ni cha fulani. Nilinyamaza, sikusema maneno yale ya kipaza sauti. Lakini watu walikuwa na njaa, walitazama mahindi yakimiminika, hawakutazama viondo. Nilisikia mtu akimeza mate. Mtu mwingine akasema kwa uchungu kwamba huyu mama Mungu atamwuliza.

Sehemu ya ghala ilipokwisha nikaamua kuirudia. Mashine zetu zilikuwa na kitufe cha kurudisha filamu nyuma, na kanuni ni kuzima taa kwanza, halafu kurudisha, halafu kuwasha. Sikuizima. Kulikuwa na manung'uniko tayari, na sikutaka kuwaacha watu wale gizani na Mama Mwende katikati yao. Nilibonyeza kitufe taa ikiwaka.

Mahindi yakaanza kupanda. Yalitoka ghalani yakiruka juu, yakaingia kwenye kiondo mpaka kikajaa, na mwanamke akakibeba akatembea kinyumenyume mpaka nje ya lango. Watu waliangua kicheko. Kikaja kiondo cha pili, nacho kikajaa, mwenyewe akarudi nacho kinyumenyume. Watoto walikuwa wakigaagaa chini. Kikaja cha tatu, na katikati ya kicheko mwanamke mmoja akasema, bila kupaza sauti sana, kile ni changu. Kikaja kingine chenye mistari ya zambarau, na msichana akasema ni cha nyanya yake. Kicheko kikaanza kupungua. Kila kiondo kilipotoka kilipata mwenyewe, na ghala likazidi kushuka, likashuka, mpaka tukaiona sakafu. Pale sakafuni palibaki kona ndogo ya mahindi, na Mama Mwende mwenye gauni la maua, akifagia.

Niliizima mashine.

Mke wa Mzee Nzuki ndiye aliyesimama kwanza. Alisema chake alikichukua jioni ile ile, kabla gari halijaondoka. Mwingine akasema chake alikifuata Jumapili baada ya kanisa. Mwingine akasema alimtuma mtoto. Walisimama mmoja mmoja, kama watu wanaotoa ushuhuda ibadani, na kila aliyesema aliketi akiwa ameinama. Mzee Nzuki alisubiri wote waishe. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote aliyeacha mahindi yake kwenye ghala lile. Wanawake wakatikisa vichwa.

"Basi sisi ndio tulikula chakula ya huyu mama," akasema. "Kesho ataanza yeye, halafu wengine."

Na ikawa hivyo. Asubuhi nilishuhudia mwenyewe akipimiwa wa kwanza, na wanawake wawili wakimsaidia kubeba mpaka nyumbani. Yule mtoto wa mwisho alipona, na siku hizi ni fundi wa pikipiki. Ningeweza kukomea hapo, nanyi mngebaki mkifikiri kwamba nilifanya jambo kubwa. Mimi pia nilifikiri hivyo nilipokuwa nikifunga kamba za gari mchana ule, na nilitembea kifua mbele.

Mama Mwende alikuja wakati huo, akiwa na ukuni mkononi kama mtu aliyetoka jikoni kwa haraka. Alinishukuru, akanipa mkono, lakini hakuondoka. Nilimwona anataka kusema kitu na kinamkwama. Nilimwuliza kama bado kuna shida na kamati, akasema hapana, kamati sasa ni nzuri, hata nzuri sana, kila mtu anapita kumwuliza kama amekula.

"Sasa wananihurumia," akasema. "Hiyo miaka ingine yote nilikuwa mama mwenye ghala. Watu walikuwa wananisalimia toka mbali, kwa heshima."

Miaka yote ile nilikuwa nimewaangalia watu mbele ya kitambaa na kujiuliza wanaona nini, na kumbe sikuwahi kumwuliza yeye, aliyekuwa akikaa mbele kabisa na watoto wake, alikuwa akiona nini. Nilihisi uchungu ambao sikuutegemea siku ile ya ushindi wangu. Nilimwambia kwamba nikitaka naweza kuiacha filamu hiyo ofisini, isionyeshwe tena popote.

Alishtuka. Alinishika mkono wa shati.

"Hapana, mwanangu," akasema, ingawa hatukupishana sana kwa umri. "Hiyo ya kurudi nyuma ilikuwa ya hapa, ndio watoto wakule. Lakini Mbooni, na huko kwingine hawanijui, usiwaonyeshe hivyo. Huko wacha ijae."

Nilimwahidi. Niliionyesha filamu ile miaka mingi baada ya njaa, nikiiunga kwa wembe na gundi kila ilipokatika, mpaka mwisho viraka vikawa vingi kuliko picha na rangi ya gauni haikujulikana tena. Na kila soko nililofika, ghala la Mama Mwende lilijaa mpaka juu.